Saa moja baina ya alasiri na magharibi

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wazazi, walimu, masheha (viongozi wa shehia, yaani mitaa yetu) na maalim wa vyuo vya Qur'ani katika mkutano wa skuli, Chake Chake, Pemba. Nimeyaandika kwa ombi la waliokosa kufika.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sheha wetu, mwalimu mkuu, maalim wetu wa vyuo, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama ukutani kwa uchache wa viti, nakushukuruni kwa kuniita. Nimeombwa nizungumzie michezo ya watoto. Najua wengi mnatarajia nianze na vipaji, timu ya taifa, na kijana wa mtaani aliyesajiliwa na klabu kubwa. Hayo nitayafikia, tena kwa kuyapunguza ukubwa. Kwanza tuhesabu saa.

Tumchukue mtoto wa darasa la tano hapa Chake, mkondo wa asubuhi. Anaamshwa alfajiri, anasali, anakunywa chai na kipande cha boflo, anakwenda skuli. Anarudi mchana, anakula wali wake, anatumwa dukani. Saa tisa tuisheni. Akitoka huko chuoni, mpaka magharibi. Baada ya isha kazi za skuli, na kazi zikimalizika, au hata zisipomalizika, simu ya mama. Wa mkondo wa mchana ratiba yake imepinduliwa tu, jumla ni ile ile. Sasa niambieni, huyu mtoto anacheza saa ngapi?

Mtanijibu kuwa anacheza wakati wa mapumziko. Mapumziko ya dakika ngapi? Na nusu ya hizo amejipanga kusubiri kachori.

Ombi langu ni hili. Baina ya alasiri na magharibi, kila mtoto wa shehia hii awe na saa moja ambayo hakuna anayemdai kitu. Saa ya kutoka jasho, pahala pa wazi, pamoja na wenzake. Mungu ametupa nafasi hiyo mwaka mzima. Hapa kwetu jua halitui mapema sana wala halichelewi sana. Iwe kusi au kaskazi, magharibi huingia kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo. Wenzetu wa Ulaya ya kaskazini, ifikapo Disemba, giza linawakuta watoto hawajafika nyumbani kutoka skuli. Sisi mwangaza tunao, ila tumeujaza shughuli.

Hiyo saa moja si namba niliyoiokota njiani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji, kwa wastani wa kila siku, dakika 60 za kuushughulisha mwili mpaka pumzi ziende mbio, na angalau siku tatu katika wiki ziwemo harakati za kukaza misuli na mifupa: kuruka, kupanda, kuvutana. Takwimu za mwaka 2016 zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zilionesha kuwa vijana 81 katika kila 100 wa umri wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Kwa wasichana ni 85. Hizo ni hesabu za dunia, si za Chake, na sitaki mtu atoke hapa akisema nimewapima watoto wake. Lakini tukiiangalia ratiba ya yule mtoto wetu wa darasa la tano, sioni kitakachomtoa katika wale 81.

Kuna wanaosema watoto wa Pemba wanahangaika vya kutosha. Ni kweli, mtoto wa Micheweni anayebeba maji na kuni mwili wake unafanya kazi. Msimu wa karafuu nao haumwachi mtu amekaa. Lakini kupanda mkarafuu mimi sikuhesabu kuwa mchezo. Ni kazi ya hatari, na tawi la mkarafuu likikatika halina huruma. Halafu kazi ina mkubwa anayeamrisha. Katika mchezo mtoto mwenyewe ndiye anayechagua upande, anayebishana "umetoka, sijatoka", anayeshindwa leo na kulipa kesho. Hayo hayapatikani kwenye ndoo ya maji.

Mwilini nako kuna hesabu zake. Mifupa ni kibubu: karibu asilimia 90 ya akiba yake huwa imeshaingia msichana anapofika miaka 18, mvulana 20. Baada ya hapo kinachoingia ni kidogo, halafu ni kutoa tu. Bibi anayeteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga ana miaka sabini, lakini sehemu ya habari yake iliandikwa alipokuwa na miaka kumi na mbili, aliporuka kamba au alipokatazwa kuruka.

Na macho. Hili wengi hawalijui. Katika mji wa Guangzhou, China, watafiti walizichukua skuli kadhaa wakawaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, matokeo yalitangazwa mwaka 2015: waliopata ugonjwa wa kutoona mbali walikuwa kama 30 katika 100, na katika skuli ambazo hazikubadilisha ratiba walikuwa karibu 40. Dakika 40 tu za mwangaza wa nje, bila ya dawa. Mzazi anayemfungia mtoto ndani ili asome vizuri huenda ndiye atakayemnunulia miwani.

Maalim wetu wa vyuo, naona mmeanza kunitazama. Sikuja kuichukua saa ya Qur'ani. Tangu zamani vyuo vyetu vilikuwa vikifungwa Alhamisi jioni na Ijumaa, na watoto walijua siku hizo ni zao. Leo siku hizo nazo zimeliwa na tuisheni. Kwa siku zilizobaki, nakuombeni mkae na sheha na walimu wa skuli mtazame kama chuo kinaweza kumalizika mapema kidogo, au kianze baada ya magharibi. Baadhi ya vyuo vinafanya hivyo tayari. Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha. Imepokewa na Abu Daud kwamba mara ya kwanza Bibi Aisha alitangulia, na baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume akamshinda akasema hii ni badala ya ile. Nikiisoma hadithi hii huwa najiuliza vipi tumefika pahala ambapo mtoto wa kike akikimbia anaambiwa hana haya.

Kuhusu tuisheni sina upole. Mtihani wa darasa la saba naufahamu, wa kidato cha nne naufahamu. Lakini tuisheni ya darasa la pili, ya mtoto ambaye asubuhi ametoka kusomeshwa yale yale, ndiyo ya kwanza kuondoka katika ratiba.

Sasa wasichana. Mvulana hata tusipompa saa yake, ataiiba. Atatoroka, atarudi na vumbi, atapigwa makelele, kesho atatoroka tena. Msichana wa miaka kumi na miwili haibi. Ameshapewa mdogo wa kumbeba na sufuria za kuosha, na kiwanja kimejaa kaka zake. Nendeni mkaangalie kiwanja chochote saa kumi na moja jioni mhesabu. Kwa hiyo saa yake lazima ipangwe, iandikwe, na awepo mwanamke mzima wa kuisimamia. Hijabu isiwe hoja. FIFA imeruhusu wachezaji kufunika kichwa tangu 2014, na mpira wa kikapu ukafuata 2017. Kama wakubwa wa michezo duniani wameona ushungi hauzuii mtu kucheza, sisi Wapemba tutatoa hoja gani? Na si lazima uwe mpira wa miguu. Netiboli ipo. Nage ipo, na wale waliocheza nage wakiwa wadogo wanajua kazi yake: wawili wanarusha mpira, wa katikati anakwepa, anainama, anageuka, anachupa. Hakuna mazoezi ya kukimbia yanayomfikia mtoto wa katikati kwenye nage. Kombolela, kuruka kamba, kukimbiza ringi. Hivyo vyote havihitaji mfadhili.

Nataka nikae kidogo kwenye kuogelea.

Tunaishi kisiwani. Watoto wa Tumbe na Wesha wanazaliwa wanaisikia bahari, na bado wapo wengi, khasa wa kike, ambao maji yakiwafika kifuani hawajui la kufanya. Humu ndani sidhani kama kuna nyumba isiyokumbuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikija huku Pemba. Miezi kumi baadaye, Julai 2012, ikazama meli ya Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe. Sitasema kwamba wangejua kuogelea wangepona. Spice Islander ilijazwa watu kupita uwezo wake, ikazama usiku katika mkondo mkali, na hilo lina wenyewe wa kulijibu. Ninachosema ni kidogo zaidi. Watoto wengi wanaokufa maji hawafi kwenye meli. Wanafia pwani, kwenye mto, kwenye shimo la mchanga lililojaa mvua ya masika, hatua chache kutoka kwa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani limeliweka hili miongoni mwa mambo ya mwanzo ya kuzuia vifo vya maji: watoto wa umri wa skuli wafundishwe kuogelea, kujihadhari na maji, na kumuokoa mwenzao bila ya kujitosa wao.

Hilo la kutojitosa ndilo linalosahaulika. Mtoto akimuona mwenzake anazama, moyo unamtuma aruke. Anaruka, anakamatwa shingoni, wanazama wote wawili. Afundishwe kupiga ukelele, kurusha dumu tupu lililofungwa kamba, kunyoosha mti au kanga. Hayo mtoto wa miaka saba anaweza.

Na mtu asiseme haiwezekani kwa wasichana. Nungwi, Unguja, upo mradi wa Panje ambao kwa zaidi ya miaka kumi umewafundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, wakijifunzia madumu matupu ya plastiki ya kuelea, na waliofundishwa wakageuka walimu. Wenyewe ni Waislamu kama sisi, pwani yenyewe ni kama yetu. Tatizo moja tu la bahari ni kwamba haifuati kengele ya skuli. Maji kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana, kwa hiyo jioni ya wiki hii yanaweza kuwa yamejaa vizuri, wiki ijayo mnakuta matope. Ratiba ya kuogelea itabidi iandikwe na mvuvi, si mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu anisamehe.

Nimeahidi kufika kwenye vipaji. Sisi Zanzibar tulitwaa Kombe la Chalenji, la mpira wa miguu wa Afrika Mashariki na Kati, mwaka 1995, na mwaka 2017 tukafika fainali kule Kenya tukatolewa kwa penalti. Wakati ule kisiwa kizima kilikuwa kitu kimoja, na mimi nilipiga kelele kama wengine. Lakini tukizifanya timu hizo kuwa ndiyo sababu ya mtoto kucheza, tutawafukuza watoto wengi kuliko tutakaowapata. Kila mwaka skuli zetu zinashindana katika tamasha la Elimu Bila Malipo, kukumbuka tangazo la Septemba 1964. Jambo zuri. Ila tazameni: skuli inachagua wakimbiaji wake, inawapa jezi na muda wa mazoezi, na waliobaki wanapelekwa kupiga makofi. Mtoto aliyenenepa, ambaye saa ile ya kukimbia ndiyo dawa yake, kazi yake ni kushangilia.

Na viwanjani kwetu mkubwa akishaingia, mchezo wa mtoto unaharibika. Tunawaweka watoto wa miaka minane kumi na moja kwa kumi na moja kwenye kiwanja cha watu wazima, golini kasimama kijana mdogo ambaye mwamba hata akiruka haufikii. Mpira wenyewe namba 5. Mtoto anakimbia nusu saa anaugusa mara tatu, halafu tunasema hana kipaji. Chini ya miaka minane mpira ni namba 3; kutoka minane hadi kumi na miwili ni namba 4. Wagaweni watano kwa watano, pigeni mistari kwa majivu, magoli yawe ndara mbili. Kila mmoja ataugusa mpira mpaka achoke. Kupiga kichwa waachieni wakubwa. Marekani waliwazuia kabisa watoto wa miaka kumi kushuka chini tangu 2015, kwa kuhofia ubongo. Na mtoto akigongwa kichwa akaona kizunguzungu au akawa anauliza tumefungana ngapi mara mbili mbili, atoke, asirudi siku hiyo hata akilia. Apelekwe hospitali.

Halafu kuna vijeba. Tusijifanye hatuwajui. Mashindano ni ya miaka kumi na mitano, anaingia mtu amenyoa ndevu asubuhi, cheti kinasema vingine. Mwalimu anajua, mzazi anajua, na kiongozi wa timu ndiye aliyekitafuta cheti. Anayepoteza ni yule mtoto wa kweli wa miaka kumi na mitano aliyekaa benchi, na yule mwenzake wa upande wa pili aliyevunjwa mguu na mtu mzima. Hili nalisema mbele ya masheha kwa makusudi, kwa sababu barua za umri zinapitia mikononi mwao.

Norway, nchi ya watu wapatao milioni tano na ushei, wana kanuni za haki za mtoto katika michezo tangu 1987. Chini ya miaka 11 hawaandiki misimamo ya ligi wala orodha za washindi. Ubingwa wa taifa kwa walio chini ya miaka 13 haupo. Ungedhani wamewalegeza watoto wao. Mwaka 2018, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, walichukua medali 39, ambazo hakuna nchi iliyowahi kuzifikia kabla katika michezo ile. Theluji hatuna, lakini kutopiga makelele ukingoni mwa kiwanja hakuhitaji theluji. Kuna baba mmoja, sitamtaja, kila mwanawe akikosea pasi anamuita ng'ombe. Ng'ombe wetu hapa Pemba wanachezeshwa kwa ngoma na wanashangiliwa. Bora angekuwa ng'ombe kweli.

Lipo la kiwanja, nalo nitalisema kwa ufupi kwa sababu wenye uwezo wa kulitatua wamekaa mstari wa mbele. Kila mtaa una pahala ambapo watoto walicheza na leo pana duka, gereji au msingi wa nyumba ulioota majani. Watoto wamesogea barabarani, na barabara zetu sasa ni lami na bodaboda hazipunguzi mwendo. Skuli za ghorofa zinajengwa ili mkondo uwe mmoja. Tunashukuru, na faida yake ni kwamba ghorofa linakula ardhi kidogo. Basi ile ardhi iliyookolewa ibaki kiwanja, isigeuzwe maegesho. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, kifungu chake cha 31 kinatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Haki isiyokuwa na pahala pa kuitekelezea mtoto ataifanyia wapi? Uwanja wa Gombani tunao na tunajivunia, lakini mtoto wa miaka sita hapelekwi Gombani kila jioni. Anahitaji kipande cha ardhi anachoweza kuitwa na mama yake kutoka mlangoni.

Watoto wenye ulemavu nimewaacha nyuma katika kusema, msiwaache nyuma katika kupanga. Asiyeona anacheza mpira wenye njuga ndani. Asiyesikia anahitaji refa anayeinua kitambaa badala ya kupuliza filimbi. Anayetembelea magongo anaweza kuwa mrushaji katika nage ya watoto wadogo, au akatunga sheria mpya ya mchezo, na watoto wataikubali upesi kuliko sisi.

Sasa ni ya kufanya. Kwa mwalimu mkuu pana daftari. Tunatafuta watu wazima wawili kwa kila kiwanja kwa kila jioni, mmoja wao awe mwanamke, wa kukaa tu na kuangalia: maji ya kunywa yapo, vioo vimeokotwa, hakuna mkubwa anayewasumbua watoto, na hakuna mtoto anayechukuliwa na mtu asiyejulikana. Si lazima ujue mpira. Bibi anayeshona kofia anaweza kuishona pale pale. Atakayeweza siku moja katika wiki aandike siku moja. Mvuvi anayejua majira ya maji aandike jina lake ukurasa wa nyuma, tuanze na watoto kumi wa kuogelea, si mia. Mvua za masika zikija tutahamia ndani ya ukumbi kuruka kamba. Ramadhani tutaangalia upya, kwa sababu mtoto aliyefunga hatumkimbizi saa kumi na moja jioni.

Masheha, maalim na mwalimu mkuu wakutane kuhusu saa za chuo kabla ya muhula huu kwisha. Na barua za umri, kuanzia leo, ziwe barua za umri.

Nimemaliza. Ni wakati wa masuala, na tuanze na yule mama wa kanga nyekundu, aliyeinua mkono tangu nilipoitaja tuisheni.